MAMA ALITAKA KUPANDA JUU

Walimleta mama yangu katikati ya meza za watu wanaokunywa chai, mlinzi mmoja kulia, mwingine kushoto, kama anavyoletwa mwizi.

Alikuwa peku.

Begani alibeba shuka la hoteli, limeloa chapachapa, maji yanamchuruzika mgongoni mpaka kwenye zulia.

Na nyuma yao, amenyoosha kidole, alikuwa rafiki yake wa maisha.

"Ndiye huyo," alisema. "Mshusheni ofisini kwenu. Asipande tena kule."

Ndiye huyo...

Mwanamke aliyekula na mama sahani moja tangu mimi sijazaliwa. Mwanamke ninayemwita mama mdogo. Anasema "ndiye huyo" kama anayewaonyesha watu panya alipojificha.

Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikuwa namsubiri mama ashuke tunywe chai, nimpige picha moja ya mwisho kwa ajili yenu.

Ndiyo, kwa ajili yenu nyie mnaosoma hapa.

Mnaikumbuka ile video? Mama mzee, gauni jeupe la taulo, kitanda kikubwa, anatabasamu. Juu yake nikaandika: "Ndoto ya mama imetimia." Mlilia. Mlijaza mioyo mpaka simu yangu ikapata moto. Wengine mliniambia mmetoka hapo mkaenda kuwapigia mama zenu.

Ile video niliipiga jioni. Asubuhi yake hamkuiona.

Leo nawapa asubuhi yake. Nikimaliza, kila mtu abaki na la kwake.

Wanaonijua wananiita Kipaza. Ni fundi wa kuchomelea mageti. Shule tuliachana njiani, nilichosoma nimekisoma kwenye magazeti ya wageni ambayo mama aliyaokota kwenye mapipa ya hoteli, akaniletea ameyakunja kiunoni. Nilisoma mpaka nikaelewa kwa nini anayefua shuka halilalii. Tangu siku hiyo sijanyamaza, na ndiyo asili ya hilo jina.

Mama alikuwa dobi wa hoteli ile. Jengo refu, vioo vitupu. Lakini chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, hakina dirisha, kina mashine na mvuke, na dawa ya kung'arisha mashuka inayomkaba mtu koo. Aliingia mle akiwa msichana. Alitoka akiwa bibi wa watu.

Mimi nina kumbukumbu mbaya, nakumbuka kila kitu.

Namkumbuka meneja aliyesema glavu ni za madaktari. Namkumbuka mama akirudi na viganja vimechubuka, anatuomba dada na mimi tumfungulie vifungo vya blauzi. Nakumbuka alivyoanguka kwenye mvuke, wakamtoa kwa mlango wa takataka ili wageni wasipoteze hamu ya kula. Wenyewe wameshasahau. Mimi sina mpango huo.

Basi. Mwaka huu daktari alituita pembeni.

"Mapafu yamekwisha," alisema. "Kama kuna kitu anakitaka, mpeni sasa."

Na kitu chenyewe tulikijua. Tumekua nacho ndani ya nyumba kama kabati.

Tangu tukiwa wadogo, mama akirudi kazini hoi, ananyoosha miguu sakafuni, anafumba macho, anasema:

"Kabla sijaondoka duniani, nataka nipande juu pale kazini. Asubuhi moja tu. Nipande juu, basi."

Juu.

Nadhani mnajua nilichosikia. Kwenye mikutano yangu yote, kwenye posti zangu zote, nimehubiri neno hilo: kuna watu wa juu na watu wa chini. Wa chini wanafua, wa juu wanalala. Sasa mama yangu, maisha yake yote chini, anataka mara moja akalale juu kama binadamu wengine. Hapo kuna haja ya kuuliza?

Dada aliuliza.

Dada yangu ni mshonaji. Anaongea kidogo, maana muda mwingi ana pini mdomoni.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Nataka iwe sapraizi."

"Mama ameanza lini kupenda sapraizi?"

"Dada, wewe unapinga kila kitu."

"Sijapinga. Nimeuliza kama umeuliza."

"Amesema juu. Juu ni juu."

Akatoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Haya, Kipaza. Wewe ndiye unayejua watu wanamaanisha nini."

Niliposti. Mkachanga, tena kiroho safi, sitawahi kuwalaumu. Chumba kikapatikana, ghorofa ya mwisho kabisa, dirisha linatazama mji mzima.

Siku yenyewe mama alikuwa amekaa mlangoni kwetu, anachambua mchele.

"Jiandae, tunatoka," nikamwambia.

"Kwenda wapi, baba?" Mama huniita baba, nimerithi jina la baba yake.

"Kazini kwako."

"Mimi nimestaafu."

"Unaenda juu, mama."

Sinia lilimponyoka. Mchele wote chini.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Usinitanie, Kipaza. Jambo hili usinitanie."

"Haki ya Mungu, mama. Wanakusubiri."

Alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Halafu uso wake ukafunguka... Jamani. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii, sikujua kwamba chini ya uso ule kulikuwa na msichana. Alikuwa anacheka peke yake, anazunguka chumbani, anatafuta hiki, anaacha kile.

Kama ningeruhusiwa kubaki na uso mmoja tu wa mama, ningechukua huo. Wa mlangoni kwetu, kabla hatujaenda popote.

Alivaa gauni lake la harusini na misibani, maana lilikuwa lilelile. Akachukua kitambaa, akajifunga kichwani, akakikaza mafundo mawili.

"Kule kuna upepo," alisema.

Nikacheka. Nilijua anasema viyoyozi.

---

Pale mapokezi alitupokea Bi Pasi.

Huyu ndiye yule wa kidole. Zamani alikuwa mpiga pasi kule chini pamoja na mama, ndiyo maana ya jina. Baadaye wakampandisha cheo, akawa msimamizi wa vyumba, rundo la funguo kiunoni, linalia kila akipiga hatua.

"Shoga," mama akamwambia, pumzi zinampiga chenga kwa furaha. "Nimekuja kupanda."

Bi Pasi akasimama palepale.

"Kupanda wapi?"

"Juu. Kijana wangu ameniombea ruhusa."

Bi Pasi alinigeukia. Uso umemshuka.

"Juu ipi, Kipaza?"

"Ghorofa ya mwisho, mama mdogo. Chumba kamili, kitanda kama uwanja wa mpira. Leo mnamhudumia nyie."

Akashusha pumzi ndefu.

"Ahaa. Chumbani. Afadhali."

"Afadhali nini?"

"Hamna. Karibuni."

Nikajisemea, wivu huo. Amepewa funguo, sasa hataki mwenzake naye aonje. Mimi watu wa namna hiyo nawajua, nimewaandika sana humu.

Chumbani, mama hakukaa kitandani. Aliinama, akakamata ncha ya shuka, akainusa.

"Hili halikusuuzwa likaisha."

"Mama, leo wewe ni mgeni."

"Mgeni hana pua?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Yeye akaenda dirishani, akalisukuma. Likagoma. Akasukuma tena kwa kiganja, kama anayemwamsha mtu.

"Halifunguki?"

"Hayafunguliwi hayo. Kuna kiyoyozi."

"Ahaa."

Akarudi, akakaa ukingoni kabisa mwa kitanda, mikono mapajani, kitambaa bado kichwani.  Kisha akauliza, taratibu, kama anayeogopa kunisumbua:

"Sasa tunapanda muda gani, baba?"

"Kupanda wapi tena? Tumeshafika. Hapa ndiyo juu."

Aliniangalia.

Aliangalia kile chumba... pazia, taa, ile televisheni kama ubao wa darasani. Kisha akaniangalia tena mimi. Nilikuwa nimeshamvika gauni la taulo la hoteli, na simu nimeshaitoa.

"Kuna watu wanasubiri, mama. Wao ndio wamechanga. Tabasamu kidogo."

"Watu wamechanga? Kwa ajili yangu?"

"Wengi, mama. Hata wasiokujua."

"Maskini. Watoto wa watu..."

Akatabasamu.

Ndilo tabasamu hilo mlilolililia. Alikuwa anawashukuru tu. Mtu akikuletea zawadi uliyokuwa huihitaji, naye ametoka nayo mbali, utafanyaje? Mama yangu alilelewa vizuri.

---

Asubuhi aliniambia nitangulie kwenye chai, yeye ananawa uso.

Nikashuka. Nikakaa. Mama akachelewa, ila sikuuona muda ukienda, nilikuwa nasoma maoni yenu.

Ndipo nikasikia watu wamenyamaza, nikainua kichwa, nikaona nilichowaambia mwanzo.

Niliruka na kikombe changu.

"Mwachieni! Huyo ni mgeni!"

"Tulia, Kipaza," Bi Pasi akasema.

"Kosa lake nini?"

"Amekutwa kwenye ngazi za paa na mali ya hoteli."

"Mali gani? Shuka la kitanda chake?"

"Ndio utaratibu."

"Wewe ndiye wa kutusomea utaratibu? Mmefua wote, mmekohoa wote, leo una funguo kiunoni umesahau ulikotoka? Msaliti mkubwa wewe."

Watu wote walisikia. Nilitaka wasikie.

"Sijasahau," alisema. 

Ofisi ya walinzi ilikuwa chumba kidogo, meza moja, vioo vya kamera ukutani. Mlinzi mmoja, mtu mzima, alimpa mama kiti chake mwenyewe. Mama alikaa, kifua kinapanda na kushuka, shuka amelipakata mapajani kama mtoto mchanga.

"Mama, hili shuka ulikuwa unalipeleka wapi?" mlinzi akamuuliza.

"Kuanika."

"Nani kalifua?"

"Mimi. Kwenye beseni la kuogea mle chumbani. Nilisema halikusuuzwa."

"Sasa kuanika wapi, mama? Hapa hakuna pa kuanika."

"Juu. Kwenye kamba."

Nikapiga magoti mbele yake.

"Kamba gani, mama?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza jina lake.

"Zamani hakukuwa na mashine za kukaushia," alisema. "Tunafua chini, tunakamua, tunabeba mabeseni kwa ngazi mpaka juu ya paa. Kule kamba tupu, ukuta hadi ukuta. Asubuhi mashuka yameshika upepo yote, sisi tumo katikati tunapoteana. Nani bosi wa kupanda ngazi zote zile? Basi kule tulikuwa wenyewe. Tunavua viatu. Tunaimba, tunasemana, tunasutana. Huyo shoga yangu alikuwa na sauti ungedhani redio."

Alimwonyesha Bi Pasi, aliyesimama mlangoni. Bi Pasi akatazama pembeni.

"Baba yako alikuja kupaka rangi tangi la maji. Nilikuwa namsikia anaongea nyuma ya shuka, simwoni. Nilipenda sauti kwanza. Nilipofunua shuka nikaona masikio yale, nikasema haidhuru, sauti inatosha."

Mlinzi akacheka, akasahau kazi yake.

"Ikawaje?"

"Zikaja mashine. Wakatufungia chini, mlango wa kule wakaupiga kufuli."

Ukweli ni kwamba madobi wote wa zamani wa jengo lile wana lugha yao. Wageni wanakolala panaitwa vyumbani. "Juu" ni paa, basi. Hakuna dobi aliyewahi kuita vyumba vile "juu".

"Mama... mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilianza kukuambia huna meno."

"Nilidhani juu unasema kwa wakubwa. Kwa matajiri."

"Hiyo ni 'juu' ya kwenye mikutano yako, baba." Akanipapasa kichwa. "Yangu mimi ilikuwa ya kuanikia."

---

Mnanijua. Mnadhani nilikaa nikalia?

Nilimtaka meneja. Akaja, tai, marashi, kijana wa juzijuzi asiyemjua hata dobi mmoja kwa sura.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mama yangu anapanda paani sasa hivi. La sivyo naingia laivu, watu wote waone mgeni wenu alivyoburutwa peku mbele ya chai."

Hakubishana. Watu wa aina yake hawabishani, wanapiga hesabu.

"Hakuna shida kabisa," akasema. "Tena tutakuja na mpiga picha wetu. Itakuwa kumbukumbu nzuri kwa wote."

"Bosi," Bi Pasi akaingilia, "kule si salama kwa mgonjwa."

"Fungua tu."

"Ufunguo wake sijui nimeuweka wapi."

"Si huo hapo kiunoni?"

Alinijia. Akanishika mkono, sauti ya chini kabisa.

"Kipaza, mwanangu. Nakuomba. Mrudishe mama nyumbani."

"Huoni hata aibu."

"Naiona. Mrudishe nyumbani."

Mama akamwambia kutoka kwenye kiti:

"Shoga, hata leo unanibania?"

Hapo Bi Pasi aliinamisha kichwa. Akautoa ufunguo kwenye rundo lake.

Tulipanda. Kutoka ghorofa ya mwisho lifti haiendelei, ni ngazi. Mama alipumzika kila kona, yule mlinzi mtu mzima akiwa nyuma na kiti mkononi, anamwekea akae. Shuka alikataa kusaidiwa. "Dobi habebewi," alisema.

Mlangoni akakaza kitambaa chake. Akalamba midomo. Akanitazama kwa uso ule... ule wa siku ya mchele.

Bi Pasi akafungua.

Ilitangulia sauti. Ngurumo.

Kisha joto.

Paa zima lilikuwa mashine. Mashine za viyoyozi, safu kwa safu, masanduku ya chuma yenye feni, yanatema nje joto lote linaloondolewa kwa wageni. Kuzunguka pande zote wamejenga ukuta wa bati, mrefu kunizidi mimi, ili mtu wa mbali asiuone uchafu wao. Mji huuoni. Sakafu ni mafuta na vumbi jeusi. Kamba haikuwepo. Hata msumari wa kamba haukuwepo.

Mama alitembea hatua chache, akasimama.

"Siyo hapa," alisema.

"Ndipo, shoga," Bi Pasi akasema.

"Hapana. Tumekosea mlango."

"Ndipo."

Akaitafuta sehemu kwa macho, pale pembeni. Nadhani alikuwa anatafuta tangi. Halafu akalikunjua lile shuka, akalinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama walivyofanya zamani, lishike upepo.

Feni ikalipuliza. Hewa ya moto, chafu. Likamgandia usoni.

Nilikimbia kumbandua. Alikuwa anakohoa, shuka lina masizi, uso una masizi. Na nyuma yetu yule mpiga picha wa meneja akasema, kwa upole kabisa:

"Mama, tabasamu kidogo."

Maneno yangu. Yaleyale, kwa sauti ileile.

Na mama, huku anakohoa, kwa malezi yake mazuri, akatabasamu.

Niliipiga ile kamera ikaanguka. Meneja akaanza kupayuka, sikumsikia. Mama ndiye aliyenivuta shati.

"Funga mlango, baba," alisema. "Twende nyumbani."

Hakulichukua tena lile shuka. Lilibaki palepale kwenye mafuta.

---

Sasa niwaambie nililolikuta kwenye ngazi.

Mlinzi alitangulia na mama. Mimi nilibaki nyuma. Bi Pasi alikuwa amekaa kwenye ngazi, funguo zote ziko chini, analia bila sauti, bega tu linatikisika.

"Umefurahi?" nikamuuliza. Ulimi wangu ulikuwa bado haujachoka.

"Siku niliyopewa hizi funguo," alisema, "mlango wa kwanza kuufungua ulikuwa huu. Sikumwambia mtu. Nikakuta hayo uliyoyaona. Nilishuka nikaumwa, sikuja kazini."

Akafuta pua kwa kiganja.

"Nilipopona, mama yako akaniuliza, shoga, si una funguo sasa, kamba bado zipo? Nikamwangalia. Amelowa jasho, mikono imechubuka, yuko kwenye mvuke. Nikamwambia zipo."

Nikakaa ngazi moja chini yake.

"Akawa ananiuliza kila tukionana. Zipo, shoga. Safari nyingine namwambia wameweka mpya, za plastiki, hazishiki kutu. Au namwambia leo kulikuwa na upepo, nimesikia vibanio vinalia. Anacheka, anarudi kwenye mashine yake. Miaka yote hiyo, Kipaza. Alikuwa na pa kwenda. Mimi ndiye niliyemtunzia mahali hapo."

"Na leo asubuhi..."

"Leo asubuhi namkuta ngazini na shuka, na fundi wa viyoyozi ameshamwonea huruma, anatafuta ufunguo wake amfungulie. Ningefanyaje? Ningemwambia nini mtu niliyemwambia zipo? Nikaita walinzi. Nilitaka ashushwe haraka, kwa njia yoyote, kabla hajaona. Nikasema akinichukia, na anichukie. Lakini aondoke na kamba zake kichwani."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia mrudishe nyumbani."

Kweli aliniambia. Mara mbili.

Mtu niliyemwita msaliti mbele ya watu wazima wanaokula mayai alikuwa ameibeba ile "juu" ya mama yangu kichwani mwake miaka na miaka, haijamwagika hata tone. Na mimi, mpigania haki, nilikuja na sauti yangu kubwa, nikadai mlango ufunguliwe.

Nikashinda. Huo ndio ushindi pekee niliowahi kuupata dhidi ya hoteli ile.

---

Nyumbani, mama hakuwahi kulisema tena lile neno.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa mlangoni, alikula kidogo, alituuliza kazi zinaendaje. Lakini jioni, pale alipokuwa akinyoosha miguu na kufumba macho, sasa alinyoosha miguu, macho akayaacha wazi. Anatazama ukuta.

Dada alikuwa akishona huku anamwangalia. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa.

"Mama, unataka nini?" nilimuuliza. Safari hii niliuliza.

"Maji."

"Kingine?"

"Maji tu, baba."

Alipolala chini moja kwa moja, Bi Pasi alikuja. Aliomba ruhusa kazini, akaja na sare yake. Alisimama mlangoni kama mtu mwenye deni, mpaka mama akamwita kwa mkono.

Akakaa kwenye mkeka, akaanza kumkanda mama miguu. 

"Shoga," mama akasema.

"Abee."

"Ulikuwa unanidanganya vizuri."

"Nilijitahidi."

"Zile za plastiki nilizipenda."

Wakacheka. Wazee wawili, kicheko kikavu, mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejiuma mkono.

"Nidanganye tena," mama akasema.

Bi Pasi alifuta macho, akajiweka sawa. Akaanza kwa sauti ile mama aliyosema ni kama redio.

"Leo asubuhi nilipanda. Kuna upepo, shoga, huo upepo usiseme. Wameanika mashuka ya ghorofa zote. Wasichana wapya wamevua viatu, mmoja anaimba ule wimbo wetu, anaukosea maneno. Nikamwambia ngoja, mwenye wimbo wake yuko njiani anakuja..."

Mama alifumba macho.

Nikaona uso wake unatafuta, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, anatafuta mahali palipokuwa na mlango. Bi Pasi akaendelea, akaweka rangi, akaweka tangi, akamweka na baba yangu na masikio yake.

Mama akafumbua macho.

"Haiingii tena, shoga," alisema. "Nikifumba nakutana na zile feni."

Bi Pasi akaiacha ile hadithi. Akaendelea kumkanda miguu.

Mama aliondoka wiki hiyohiyo, mchana, mimi, dada na Bi Pasi tukiwepo.

Sasa. Inboksi yangu imejaa. "Kipaza, mama yangu naye ana ndoto, nisaidie niitimize kama ulivyofanya." "Kipaza, baba yangu kabla hajafa anataka aone sijui wapi." Nawajibu wote hapa, sitajibu tena mmoja mmoja.

Weka simu chini. Kaa naye. Muulize neno lake lina maana gani, na usilijibie wewe. Mwache akusimulie mpaka achoke, kesho umuulize tena. Akikwambia twende, mpeleke, ila nenda kwanza wewe peke yako ukaone pako vipi. Na kama kuna mtu pembeni anakwambia mrudishe nyumbani, kabla hujamtukana muulize anajua nini.

Ile video nimeifuta. Msiniulize.

Na nyie wenye hoteli, najua mnasoma, huwa mnanisoma. Mapafu yake mliyachukua. Paa mngemwachia.